Kopo la sarafu za kale: upime kwa kilo au utunze moja moja?

Mpwa wangu alikuja kutoka Lindi msimu wa korosho ukielekea mwisho. Akaniamkia, akakaa, akamimina juu ya mkeka kopo la bibi yake, yaani la marehemu mama yangu. Zikamwagika sarafu kama mia mbili: nyingi nyeusi kama kokwa za ukwaju, nyingine zimeota ukijani pembezoni, mbili tatu zimegandana kwa kutu. Mtaani kwao hupita mnunuzi wa chuma chakavu mwenye toroli, naye alishamwambia atazichukua zote kwa bei ya kopa, yaani shaba nyekundu, kwa kilo, fedha mkononi.

"Mjomba, nipime nimalize, au kuna maana ya kukaa nazo?"

Swali hili nimelisikia Mikindani na nimelisikia Masasi, na kila anayeuliza anataka neno moja: uza au tunza. Mimi simpi neno moja. Kopo la sarafu za kale ni kama kapu la samaki wa mchanganyiko. Huwezi kuliuza lote kwa bei ya dagaa ilhali ndani mna nguru, wala huwezi kudai bei ya nguru kwa kila dagaa aliyemo. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha mizani na mkusanyaji, yaani mtu anayenunua sarafu za kale moja moja ili azitunze, tenga.

Kutenga kwenyewe

Tafuta sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio. Shaba hainaswi. Kinachonaswa kiweke kando. Shilingi 50 na shilingi 100 zetu za njano, kwa mfano, ni chuma kilichovishwa ngozi nyembamba ya shaba ya njano. Hizo ni za kununulia chumvi dukani, si za kutunzia shaba. Zilizobaki ziangalie moja moja kwenye mwanga wa asubuhi, maana jua la saa sita linafuta maandishi yaliyolika.

Za Mjerumani zina fungu lake, na hapo ndipo nakaa muda mrefu. Ya zamani zaidi ni pesa ya mwaka 1890, 1891 au 1892: shaba, gramu 6 na nusu hivi, upande mmoja tai na jina la kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, upande wa pili maandishi ya Kiarabu ndani ya shada la majani, na mwaka wa Hijria. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 ikaja heller, mia kwa rupia, na wazee wetu wakaiita hela. Neno tunalolitamka kila siku tukidaiwa na tukidai limetoka kwenye kisarafu hiki cha gramu 4, chenye taji na maneno Deutsch Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, upande mmoja, na tarakimu 1 ndani ya shada upande wa pili. Chini ya shada kuna herufi ndogo. A ni kiwanda cha Berlin, J ni cha Hamburg. Iandike herufi hiyo pamoja na mwaka, kwa sababu ndilo swali la kwanza atakalokuuliza mkusanyaji.

Kuna kubwa lao: hela 5 ya shaba ya 1908 na 1909, gramu 20, upana wa milimita 37. Ukiiweka kwenye kiganja cha mtoto inakijaza. Ilitengenezwa miaka hiyo miwili tu. Baadaye zikaja hela 5 nyeupe za tundu, nyepesi kubeba. Ukiikuta hii kubwa kwenye kopo, itoe, ifunge peke yake, usiirudishe tena na wenzake.

Na kuna za Tabora. Vita ilipowakatia Wajerumani njia ya bahari, mwaka 1916 waligonga sarafu zao wenyewe Tabora: hela 5 za shaba ya njano, na hela 20, nyingine nyekundu na nyingine za njano. Zina taji, mwaka 1916, herufi D.O.A., kifupi cha Deutsch Ostafrika, na herufi T ya Tabora. Kazi yake si safi kama ya Berlin. Taji limekaa vibaya, ukingo haujanyooka. Wabelgiji waliiteka Tabora Septemba ya mwaka huo huo. Jeshi la Mjerumani likarudi nyuma kuelekea kusini, likapigana Mahiwa, kule nyuma ya Lindi, Oktoba 1917, kisha mwezi uliofuata likavuka Ruvuma. Ndiyo maana sishangai sarafu za Tabora zikionekana huku kwetu.

Hapo nina jambo la kuniuma. Zamani, kabla sijajua lolote, nilipima kopo la babu upande wa baba. Ndani mlikuwa na sarafu moja ya njano, ina taji lililopinda na ukingo kama umekatwa kwa patasi. Nikaona hii bandia, mchezo wa watoto. Nikaitupa kwenye mizani pamoja na nyingine, mnunuzi akaitia guniani bila kuitazama mara mbili. Miaka ikapita ndipo nikaona picha yake na kuielewa ile T.

Fungu la Mwingereza ndilo kubwa katika kila kopo la Kusini. Senti za tundu: peni ya senti 10, ndururu ya senti 5, na ile senti 1 nyepesi. Pembe mbili za ndovu zimelikumbatia tundu, na juu ya tundu upande wa pili kuna taji na jina la mfalme. Peni ya zamani ina gramu 11 na kitu, za baadaye zikapunguzwa. Huku zilimwagika. Mpango wa karanga wa Nachingwea wa 1947 hadi 1951 ulilipa vibarua kwa shilingi na senti hizi, reli ikajengwa kutoka Mtwara, na chenji ikabaki vijijini. Wavuvi walizitunga kuwa chubwi za nyavu, wazazi wakawafungia watoto kiunoni. Kwa hiyo ni nyingi, na wingi ndio unaoshusha bei. Hata ile ya 1936 yenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyeng'atuka kabla ya mwaka kwisha, si adimu kama watu wanavyodhani. Sarafu ya tundu haina sura ya mfalme, basi kazi ya kuzitengeneza haikungojea picha yake. Ni nzuri kuwa nayo, lakini si ya kununulia bati la nyumba.

Ukiwa hapo, chunguza shilingi ya simba na milima. Ikiwa ya 1921 hadi 1946, robo yake ni fedha halisi. Usiiuze kwa bei ya shaba, wala usikubali ikaitwa bati.

Senti tano yetu yenye samaki, ya 1966 na kuendelea, pia ni shaba, gramu 4. Zipo tele. Weka chache zilizo safi, zenye samaki mwenye mapezi yanayosomeka.

Upande wa mizani

Uzuri wa kilo ni kwamba haina maneno. Unapima, unalipwa, unarudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Hakuna anayekuuliza herufi wala mwaka, na sarafu iliyolika ina thamani sawa na iliyong'aa. Mwenye mgonjwa ndani au ada ya shule kesho hana haja ya kungoja mkusanyaji wa Ulaya.

Hesabu yake ni hii. Kati ya 2021 na 2024 shaba kwenye soko la London ilikuwa ikizunguka dola 8,000 hadi 10,000 kwa tani. Tuchukue 9,000, yaani dola 9 kwa kilo, na tuchukue dola moja kuwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi. Kilo inakuwa shilingi 22,500. Peni ya gramu 11 ina shaba ya shilingi 250 hivi. Hela ya gramu 4, shilingi 90.

Lakini hiyo ni bei ya shaba safi, London. Sarafu hizi ni shaba iliyochanganywa na bati na zinki kidogo, na mnunuzi wa toroli anajua. Anamuuzia mwenye ghala, mwenye ghala anapakia lori kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400, na kila mkono unachukua chake. Usishangae ukipewa nusu. Na hakikisha amekuwekea kwenye fungu la kopa, si la shaba ya njano, maana hizo bei ni mbili tofauti.

Wengine wamesikia kwamba Wamarekani wanahifadhi senti zao za kabla ya 1982 kwa ajili ya shaba, wakaona nasi tufanye hivyo. Wale wana kitu ambacho sisi hatuna. Senti yao ya zamani ina gramu 3.11, sehemu 95 kwa mia ni shaba, na wanaipata benki kwa senti moja ile ile ilhali shaba iliyomo inazidi senti mbili. Shaba ikishuka, wanairudisha benki, hawajapoteza kitu. Na wanangoja tu, kwa sababu tangu mwishoni mwa 2006 serikali yao imekataza kuziyeyusha. Hela ya Mjerumani na peni ya Mwingereza hazina benki ya kuzipokea. Ukizinunua leo kwa watu ili utunze shaba, umenunua shaba kwa bei ya rejareja na utaiuza kwa bei ya toroli. Biashara hiyo siishauri kwa mtu yeyote. Za kurithi ni jambo jingine.

Upande wa moja moja

Hapa bei inatokana na vitu vitatu: hali ya sarafu, uchache wake, na kama kuna anayeitaka. Uzito haumo.

Hela ya kawaida, iliyotumika lakini inasomeka, wakusanyaji huinunua kwa dola moja hadi mbili. Hela 5 ile kubwa, ikiwa safi, inafika makumi ya dola. Ya Tabora vivyo hivyo. Peni iliyolika haifiki mbali, dola moja ni bahati, na gharama ya kuituma inaimeza.

Sasa linganisha kwa kopo la mpwa wangu. Tulihesabu sarafu 198: za tundu 118, senti tano za samaki 46, hela 27, pesa 4, shilingi za simba 3. Zote kwa pamoja zilikuwa kilo moja na gramu mia tatu na ushee. Kwa bei ya London, shilingi 30,000. Kwa toroli, labda 15,000. Zile hela 27 peke yake zina gramu 108, yaani kwenye mizani ya London hazifiki shilingi 2,500. Kwa mkusanyaji, hata kwa dola moja moja, ni 67,500. Sehemu moja ya kumi na mbili ya uzito inashinda kopo zima mara mbili. Hili ndilo ninalotaka kila mwenye kopo alione kabla ya kuita toroli.

Ubaya wake ni muda na watu. Mnunuzi wa moja moja hapiti mtaani. Utamtafuta kwenye maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe Zanzibar, au kwenye intaneti ambako utapiga picha pande zote mbili, utaandika mwaka na herufi, utangoja wiki kadhaa, na utakutana na matapeli. Tapeli wa sarafu ana dalili zake. Anakwambia anatafuta "rupia" ya mamilioni, yenye nguvu, inayovuta mchele. Halafu anataka wewe umpe kwanza fedha ya kuipima. Mkusanyaji wa kweli hataki uganga, anataka picha, na anayetoa fedha ni yeye.

Hewa ya pwani na mikono yetu

Anayechagua kutunza achague na kazi yake. Hewa ya Mtwara na Lindi ina chumvi, na chumvi ndiyo adui wa shaba. Inaanza doa dogo la kijani linalopukutika kama unga, kisha linachimba. Nilimwonyesha mpwa wangu pesa moja ya 1891: tai amebaki bawa moja, bawa la pili limeliwa na ukijani huo. Ikitokea hivyo, itenge na nyingine haraka, iloweke kwenye maji safi yaliyochujwa chumvi, yale ya betri ya gari yasiyo na asidi, badilisha maji kila siku kwa siku kadhaa, kisha ikaushe kabisa.

Baada ya chumvi, adui ni sisi. Mama zetu walisugua masinia ya shaba kwa ndimu na majivu mpaka yakawaka, basi mtu akipata hela ya kale anafanya vile vile, akidhani anaipandisha bei. Dada yangu alishasugua moja usiku kabla ya kuja kwangu. Ilikuwa nyekundu kama embe dodo, inapendeza machoni, na haikuwa tena na bei. Ule weusi laini ulioiva kwa miaka mia ndio anaoulipia mkusanyaji. Ndimu inauondoa kwa dakika tano na haurudi. Vumbi liondoe kwa maji na sabuni ya kipande, kwa kidole, kausha kwa kitambaa cha pamba bila kusugua. Vivyo hivyo sarafu iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni: ni kumbukumbu ya familia, na kwa mkusanyaji imeshuka sana.

Hifadhi kila moja kwenye bahasha ndogo ya karatasi kavu, uiandike kwa penseli, mahali pa juu mbali na jiko na ukuta unaovuja. Mfuko laini wa plastiki unatoa unyevunyevu wa mafuta unaoila shaba.

Zile zisizo za kilo wala za moja moja

Mtu wa Kilwa akisoma hapa ajue ninamsemea yeye. Masultani wa Kilwa waligonga sarafu zao za shaba karne nyingi kabla Mjerumani hajaja: ndogo, nyembamba, maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, jina la sultani kama Ali bin al-Hasan upande mmoja na upande wa pili sifa ya Mungu inayofuatana nalo kwa vina, kwamba anamtumainia Mola wa neema. Shairi kwenye sarafu. Hazina mwaka. Zimepatikana Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Mafia, moja ilipatikana Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliokota tano kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje.

Sheria ya Malikale ya 1964 inahesabu vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 kuwa malikale. Kuchimba magofu kuzitafuta bila kibali ni kosa. Kwenye mizani sarafu ya Kilwa haina hata gramu za kununulia kiberiti, na ikiingia kwa mnunuzi wa siri inaondoka nchini bila mtu kujua ilitoka chumba gani cha jumba gani, na hilo ndilo lililokuwa na thamani. Ukiiona baada ya mvua, acha pale ilipo, piga picha, toa taarifa kwa watu wa malikale. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, na ni wetu kwanza.

Nilivyomshauri

Mpwa wangu alikuwa na haja ya fedha, sikumficha ukweli huo. Tulitoa hela 27, pesa 4, shilingi 3 za simba, peni kumi zilizo safi zenye majina ya wafalme tofauti, pamoja na ndururu sita na senti tano nane za samaki. Zilizobaki, za tundu zilizolika na za samaki zilizokwaruzika, zilikuwa kama kilo moja. Hizo akapime, na amtake mnunuzi azipime mbele yake, kwenye mizani aliyoijaribu kwanza kwa pakiti ya sukari ya kilo.

Mtu asiye na haraka ningemwambia azuie hata hizo, maana shaba haiozi. Mtu anayedaiwa ningemwambia apime za tundu leo na hela azishike kwa meno. Mtu ambaye nyumba yake inavuja na hana pa kuzihifadhi pakavu, ni bora amuuzie mkusanyaji mapema, hata kwa bei ya chini kidogo, kuliko kuziacha zichimbike.

Tulikata karatasi za daftari, tukakunja bahasha, yeye akasoma miaka kwa kuinamisha sarafu kwenye mwanga wa dirisha, mimi nikaandika. 1904 A. 1907 J. 1909 J. Kwenye ya kumi na tisa akanyamaza, akaisogeza karibu na jicho, akaniambia, "Mjomba, hii ina alama ya jino." Nikaichukua. Kweli, ukingoni palikuwa na kidonda kidogo cha mtu aliyeing'ata kuhakikisha si bandia. Tukaiandikia bahasha yake, na hiyo akasema hauzi.